Saluti Bila Sare: Mwanajeshi Mstaafu Aliyevaa Kiraia Apige au Asipige?

Sikukuu ya Jamhuri iliyopita ilinikuta kwa kinyozi mmoja mtaani Kariokor, nikingoja zamu yangu kwenye benchi huku televisheni iliyotundikwa juu ya kioo ikionyesha gwaride. Bendi ilipoanza kupiga wimbo wa taifa, mzee aliyekuwa akinyolewa aliusogeza kando mkono wa kinyozi, akasimama na shuka lake shingoni, upande mmoja wa kichwa ukiwa umenyolewa na wa pili ukiwa na mvi zake zote, kisha akapeleka mkono wa kulia kwenye kipaji cha uso, kiganja kikitazama mbele, vidole vimebanana kama ubao. Hakuutikisa hadi wimbo ulipokwisha. Kijana aliyeketi karibu nami alicheka. Mwingine akasema kwa uhakika kwamba mzee anaweza kushtakiwa, maana saluti bila sare ni kosa. Wa tatu akamkatiza kwamba mwanajeshi hata akistaafu hubaki mwanajeshi, na kwamba kule Marekani jambo hilo limo katika sheria. Kinyozi hakusema neno. Alizima mashine yake akangoja.

Mabishano ya namna hii huzuka Nairobi kila msimu wa sikukuu za kitaifa, na tena kila Novemba wakati wa kuwakumbuka waliofia vitani, na mara nyingi hayafiki popote kwa sababu kila mbishi ana saluti yake kichwani. Mmoja alikuwa na hoja ya nguo, mwingine alikuwa na hoja ya nchi ya watu, na hakuna aliyeuliza swali ambalo lingepaswa kutangulia: mzee alikuwa akimpigia nani saluti?

Tuanze na maneno yenyewe. Saluti ninayoizungumzia ni ile ya mkono, si ile ya mizinga inayolia katika mazishi ya kitaifa. Mwanajeshi mstaafu ni yule aliyelitumikia jeshi akaagwa kwa utaratibu, awe alitoka na cheo kikubwa au alitoka kama alivyoingia. Mavazi ya kiraia ni chochote kisicho sare: suti, kanzu, jezi ya mpira, hata shuka la kinyozi. Blazi yenye nembo ya kikosi, ijapokuwa imepigwa pasi ikanyooka na medali zinaning'inia kifuani, nayo ni vazi la kiraia, na hapo ndipo watu wengi hupotea, kwa kuwa macho yakiona medali huiona na sare ambayo haipo.

Isitoshe, jiji letu limeilegeza saluti. Soja wa lango huipiga gari linapoingia, na kadiri gari lilivyo kubwa ndivyo kisigino kinavyogonga sakafu kwa nguvu. Konda humpigia abiria aliyesamehe chenji yake. Mwanasiasa humpigia kinara wa chama jukwaani, umati ukapiga vigelegele. Hizo ni salamu, utani, na pengine maombi ya chai, wala sioni ubaya wake, ila hazitufundishi lolote kuhusu saluti ya kijeshi.

Saluti ya kijeshi inafanana zaidi na shikamoo. Mdogo huanza, mkubwa hana budi kuitikia marahaba, na mkubwa akinyamaza ndiye aliyekosa adabu. Vivyo hivyo jeshini ofisa aliyepigiwa saluti anatakiwa kuirudisha, na kwa hiyo wanaodhani kwamba mkono ule ni alama ya unyonge wa aliyeuinua wanaona nusu tu ya jambo. Ni salamu ya watu wa nyumba moja, na nusu yake ya pili ni wajibu wa mkubwa.

Tofauti ni kwamba shikamoo humwendea mtu kwa umri wake, ilhali saluti haimwendei mtu. Katika mila ya Uingereza, ambayo jeshi la Kenya liliirithi, saluti huiendea kamisheni, yaani mamlaka ambayo ofisa hukabidhiwa kwa hati na mkuu wa dola. Ndiyo maana koplo mwenye watoto wakubwa humpigia saluti luteni kijana ambaye ndevu zake bado zinahesabika, lakini hampigii sajini, ingawa sajini ndiye anayemtoa jasho kila alfajiri. Anayeona ajabu kwamba mtu mzima anamsalimu kijana hivyo hajakosea kushangaa. Amekosea kufikiri kwamba anayesalimiwa ni kijana.

Sasa kofia na sare zinaingilia wapi? Ipo hadithi tamu, inayosimuliwa kote duniani, kwamba saluti ilianzia kwa wapiganaji wa kale wa Ulaya waliovaa chuma mwili mzima, ambao walipokutana njiani waliinua kifuniko cha uso ili kila mmoja amtambue mwenzake. Hadithi hiyo haina ushahidi. Chenye ushahidi ni cha kawaida zaidi: zamani askari wa Uingereza aliyepita mbele ya ofisa alivua kofia, kama raia yeyote mwenye adabu alivyofanya mbele ya mkubwa. Kofia za kijeshi zilipozidi kuwa ndefu, nzito na za bei, kuzivua na kuzivaa kila mara kukawa usumbufu na hasara, na mwaka 1745 askari wa kikosi cha Coldstream Guards wakaamriwa wasizivue tena wanapompita ofisa, bali wapeleke tu mkono kwenye kofia na kuinama kidogo. Saluti ni ufupisho wa kuvua kofia.

Ukilishika hilo, kanuni zilizobaki hujieleza zenyewe. Ikiwa mkono unaogusa kofia unasimama badala ya kuivua, asiye na kofia anafupisha nini? Kwa mantiki hiyo, mwanajeshi wa Uingereza aliye kichwa wazi, hata akiwa ndani ya sare kamili, hapigi saluti. Husimama mguu sawa, mikono imenyooka ubavuni. Kuna kikosi kimoja tu kinachojulikana kwa kuruhusiwa kinyume cha hapo, nacho ni Blues and Royals, kwa sababu mwaka 1760 kamanda wake, Marquess of Granby, aliongoza askari wapanda farasi kwenye mapigano ya Warburg akapoteza kofia na nywele zake za bandia njiani, kisha akampigia saluti mkubwa wake na upara wake ukimeremeta. Kwamba ilihitajika upara wa jemadari ili kupatikana ruhusa moja ni kipimo kizuri cha jinsi kanuni ilivyo ngumu.

Mwanajeshi anapostaafu hutoka katika mlolongo wa amri. Anaondoka na jina, na mazoea, na pengine na cheo anachoruhusiwa kutajwa nacho, lakini sare na kofia vina mwenyewe. Mfikirie refa mstaafu aliyeketi jukwaani uwanja wa Nyayo: anazijua kanuni kumshinda aliye uwanjani, macho yake bado ni makali, ila akitoa kadi nyekundu mfukoni hakuna mchezaji atakayetoka. Hajapungua heshima, ila hayumo mchezoni. Kwa hiyo mtu kwa mtu jibu ni jepesi: mstaafu aliyevaa kiraia anayekutana na ofisa barabarani hapaswi kumpigia saluti, kwa kuwa upande wake wa salamu ile ulifungwa siku alipoagwa. Anaweza kusimama wima na kusema "Afande", nalo lenyewe ni neno lenye safari ndefu, kutoka kwa Waturuki hadi Misri na Sudan, kisha vinywani mwa askari wa kikoloni wa King's African Rifles, ambao walilileta hadi kwenye vituo vyetu vya polisi.

(Kuna mstaafu wa jeshi ambaye sasa ni msimamizi wa walinzi katika jengo fulani, na ana sare, na ana kofia. Saluti anayompigia meneja asubuhi ni ya kampuni, haihusiani na kamisheni ya mtu, hata kama mkono wake unaonyesha wazi kwamba haukufundishwa na kampuni.)

Ugumu wa kweli unaanza pale anayesalimiwa si mtu. Bendera haiitikii marahaba. Wimbo wa taifa hauitikii, wala jeneza halirudishi saluti, na kwa hiyo ile hoja ya salamu ya pande mbili haitusaidii tena. Mbele ya hivi vitatu raia naye ana wajibu wa heshima, na swali linakuwa: mstaafu asimame na raia, au asimame na jeshi?

Waingereza, kwa desturi, humweka pamoja na raia. Kila Mei wanajeshi wa zamani na wa sasa wa vikosi vya wapanda farasi hukusanyika katika bustani ya Hyde Park, London, wakiwa wamevaa suti, kofia nyeusi za duara na miavuli iliyokunjwa mikononi, na heshima yao huonekana katika kusimama na kuvua kofia, yaani wanarudi kulekule kwenye tendo la kabla ya 1745. Huo ndio uzuri wa mila ile: aliyetoka jeshini harudi mikono mitupu, anarejeshewa adabu kongwe zaidi kuliko ile aliyoiacha kambini.

Marekani wamekata shauri vingine, na hapo ndipo kijana wa tatu pale kwa kinyozi alipopata nusu ya ukweli. Kabla ya 2008 mstaafu wa Kimarekani aliyevaa kiraia alitakiwa kuweka mkono kifuani kama raia wenzake. Januari 2008 Bunge lao lilibadili sheria ya bendera ili wanajeshi wasio kwenye sare na wastaafu waruhusiwe kupiga saluti bendera inapopandishwa, inaposhushwa au inapopita, na Oktoba mwaka huohuo ruhusa hiyo ikapanuliwa hadi kwenye wimbo wa taifa. Aliyelisukuma jambo hilo ni Jim Inhofe, seneta wa Oklahoma. Neno la kuangaliwa ni "waruhusiwe": sheria haimlazimishi yeyote, na mstaafu anayependelea kuweka mkono kifuani hajakosa. Ruhusa hiyo pia ni ya bendera na wimbo wa Marekani. Haikugusa salamu kati ya mtu na mtu, na haivuki bahari.

Nasisitiza la kuvuka bahari kwa sababu Wakenya si wachache waliolitumikia jeshi la Marekani, na wanapokuja likizoni Desemba huja na mkono wao. Kijana wa Kakamega au Murang'a aliyetumikia kule akiipigia saluti bendera ya Kenya akiwa na kaptura na kofia ya mpira hafanyi jambo baya, lakini haifai kusema kwamba sheria inamruhusu. Sheria anayoikumbuka haikuwa na bendera hii akilini. Hali kadhalika kuweka kiganja kifuani, ambako siku hizi kumezoeleka hata katika hafla za shule zetu, ni adabu iliyoingia kutoka nje. Mwanafunzi wa Kenya wa kizazi changu alifundishwa kusimama wima na mikono ubavuni, na ole wake aliyekuna pua.

Kwetu mizizi ni ya Uingereza. Jeshi la nchi kavu lilizaliwa Desemba 1963 kutokana na vikosi vya King's African Rifles vilivyogeuzwa kuwa Kenya Rifles, na pamoja na bendera mpya likaendelea na gwaride lile, hatua zile na saluti ile ya kiganja kinachotazama mbele. Kwa mizani hiyo, mzee wa Kariokor alitakiwa kusimama mguu sawa, basi. Hata hivyo kutofuata desturi ni jambo moja na kuvunja sheria ni jambo jingine, na hapa kijana wa pili alijikwaa. Kile ambacho sheria za Kenya hukataza ni raia kuvaa sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo bila ruhusa, na wapo walioliona joto la jiwe kwa sababu ya suruali ya madoadoa waliyoinunua Gikomba kwa nia njema kabisa. Shabaha ya katazo hilo ni nguo, kwa kuwa nguo inaweza kumfanya mwananchi amtii mtu asiye na mamlaka. Mzee mwenye shuka la kinyozi hawezi kumpotosha yeyote. Nayo Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya mwaka 2022 imeshughulikia utambuzi na maslahi yao, mambo ambayo, kusema kweli, wengi wao huyafikiria mara nyingi zaidi kuliko saluti.

Mahali ambapo desturi hii hujaribiwa zaidi ni kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Novemba inapofika. Tarumbeta hulia, kimya cha dakika mbili hushuka, na katika mstari wa wastaafu wengine wamevaa bereti za vikosi vyao na wengine wako kichwa wazi. Bereti huleta mtihani, kwa sababu mwenye bereti anahisi kwamba sharti la kofia limetimia. Je, limetimia? Walio wakali husema hapana, kwa kuwa bereti juu ya suti haigeuzi suti kuwa sare; walio wapole husema kwamba mbele ya waliokufa hakuna sajini wa kukemea. Mabishano hayohayo huendelea Uingereza kwenyewe kila mwaka. Mimi nawaunga mkono wakali kwa hoja na wapole kwa vitendo. Lililo wazi zaidi ni la medali: aliyezipata huzivaa kifua cha kushoto, na mjukuu anayevaa za marehemu babu yake huziweka kulia, ili mtu asidhani kwamba ni zake. Mjukuu huyo hapigi saluti hata kidogo, awe na medali sita.

Tena katika nchi yetu neno "mstaafu" lenyewe lina mkunjo. Miaka ya 1950 askari wa King's African Rifles na wapiganaji wa Mau Mau walikuwa wakisakana katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, na uzeeni wakajikuta kwenye sikukuu zilezile, chini ya hema moja. Wa kwanza walikuwa na vyeo vya dola ya kikoloni. Wa pili walipeana vyeo wenyewe msituni, mpaka Muthoni wa Kirima, aliyefariki 2023, akafa akiitwa Field Marshal. Ukifuata hoja ya kamisheni neno kwa neno, hakuna hati iliyompa mama huyo haki ya kusalimiwa, na ukifuata hoja ya nani aliyeipigania nchi, basi hati zote zingine zinaanza kuonekana nyepesi. Na wako wapagazi, wale wa Carrier Corps ambao jina lao ndilo lililogeuka kuwa Kariokor, waliobeba mizigo ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakafa kwa maelfu bila kuwa wanajeshi wa kupigiwa wala kupiga. Mmoja wao amesimama kwa shaba kwenye Barabara ya Kenyatta, kando ya wenzake wawili wenye bunduki.

Limebaki swali moja ambalo huulizwa sana: mbona Rais hupigiwa saluti akiwa na suti? Kwa sababu Katiba, ibara ya 131, imemfanya kuwa Amiri Jeshi Mkuu, na kama tulivyoona saluti huiendea mamlaka. Mamlaka hayo hayavuliwi pamoja na koti. Anayepokea saluti bila sare huikiri kwa kusimama wima au kwa ishara ya kichwa, na hilo linatosha. Wanaotaja marais wa Marekani wanaorudisha saluti kwa mkono wakumbuke kwamba mazoea hayo yalishamiri na Ronald Reagan kuanzia 1981. Ni desturi changa, na haimhusu mstaafu, kwa kuwa rais yumo mchezoni na mstaafu hayumo.

Basi kama ningeulizwa niwaambie nini wastaafu wetu, ningewaambia wasimame mguu sawa na wavue kofia kama wanayo. Lakini sitamkosoa mzee ambaye mkono wake umepanda mbele ya bendera au jeneza, na nisingependa kumwona kijana aliyewahi kuvaa sare ya shule pekee akimkosoa. Tunaoweza kuwakosoa kwa haki ni wale wanaopiga saluti ili kuonekana kuwa walikuwa kitu ambacho hawakuwa.

Pale kwa kinyozi, wimbo ulipokwisha mzee aliketi, na yule kijana wa pili akamwuliza, kwa adabu nzuri kuliko nilivyotarajia, "Mzee, si mnakatazwa kupiga bila yunifomu?" Mzee akamtazama kupitia kioo. "Kijana wangu, najua. Mkono ulikwenda wenyewe. Ingekuwa kambini, sajini angenitafuna mbichi, tena na kichwa hiki nusu." Tukacheka, naye akacheka. Sherehe zilipofungwa na bendi ikapiga wimbo kwa mara ya pili, alikuwa amekwisha kunyolewa pande zote mbili. Alisimama, akalivua shuka, akalikunja mara mbili na kuliweka juu ya kiti, kisha akanyoosha mikono ubavuni na kutazama mbele. Yule kijana aliyecheka mwanzoni aliinuka kutoka kwenye benchi, akachomoa vipokea sauti masikioni, akasimama.